Tuhuma Si Hukumu: Habari za Dawa katika Mbio za Baiskeli

 Natumaini kalamu na madaftari mnayo. Leo tutajifunza namna ya kusoma habari inayomtuhumu mtu. Tutatumia habari za mbio za baiskeli, kwa sababu baiskeli ni chombo tunachokifahamu sana. Kwa baiskeli twabeba maji, mkaa na magunia ya mpunga. Kwa baiskeli vijana wengi wamepata riziki yao kwa kubeba abiria. Tena kwa baiskeli hizo hizo watu hushindana mbio.

Penye mashindano hapakosi maneno. Wazee wa Kisukuma wanajua jinsi Wagika na Wagalu walivyoshindana kwa ngoma baada ya mavuno. Upande mmoja ukivuta watazamaji wengi, upande wa pili ulisema, "Wale wana dawa." Huko Ulaya nako, mtu akishinda sana katika mbio za baiskeli, watu husema vivyo hivyo. Lakini dawa wanayoisema wao si ya mganga wa kienyeji. Ni dawa ya hospitali, nayo yaweza kupimwa.

Dawa hizo hufanya nini? Mtu anayepanda mlima kwa baiskeli anahitaji hewa ya oksijeni kwa wingi mwilini. Oksijeni huchukuliwa na chembe nyekundu za damu. Iko dawa iitwayo EPO, ambayo hutumika kuwatibu wagonjwa wenye upungufu wa damu, hasa wagonjwa wa figo. Mtu mwenye afya akidungwa dawa hiyo, chembe nyekundu huzidi, naye hukawia kuchoka. Huo ni udanganyifu. Tena ni hatari, kwa kuwa damu ikiwa nzito mno yaweza kuganda na kuziba mishipa. Ndiyo sababu wanamichezo hupimwa mkojo na damu. Shirika la dunia linalosimamia kazi hiyo, liitwalo WADA, lilianzishwa mwaka 1999.

Sasa sikilizeni habari ya kwanza. Lance Armstrong wa Marekani aliugua saratani, akapona, kisha akashinda mbio kubwa za Ufaransa, Tour de France, mara 7 mfululizo, tangu mwaka 1999 hadi 2005. Dunia ilimshangilia. Lakini mwandishi mmoja wa gazeti la Sunday Times la Uingereza, David Walsh, alikuwa na mashaka. Hakutosheka na mashaka yake. Aliwatafuta watu waliofanya kazi karibu na Armstrong, miongoni mwao mwanamke aliyekuwa akimkanda misuli, akayasikiliza waliyoyaona kwa macho yao. Armstrong alilishtaki gazeti hilo, nalo mwaka 2006 likapatana naye kwa kumlipa fedha. Watu wengi walidhani shauri limekwisha.

Halikwisha. Mwaka 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni lilitoa taarifa ya ushahidi yenye kurasa zaidi ya 1000. Wenzake 11 wa zamani katika timu walitoa ushahidi. Armstrong akanyang'anywa ushindi wote 7, na Januari 2013 akakiri mwenyewe katika televisheni. Basi twaona kwamba mwandishi aliyeuliza maswali alifanya kazi ya haki, ingawa wakati ule wengi walimwona mtu wa husuda.

Sasa habari ya pili, nayo ni ya mtu aliyezaliwa Afrika ya Mashariki. Chris Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985, katika familia ya Kizungu. Alipokuwa kijana alifanya mazoezi na David Kinjah, bingwa wa baiskeli wa Kenya, huko Kikuyu karibu na Nairobi. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, mjini Melbourne. Baadaye aliendesha kwa jina la Uingereza, akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Kwa sababu ya habari ya Armstrong, watu hawakuwa tayari kumwamini bingwa mwingine upesi. Mwaka 2015 Froome alisema kwamba mtazamaji mmoja alimmwagia mkojo njiani huku akimwita mwenye dawa. Wakati huo hapakuwa na kipimo chochote kilichomtia hatiani.

Tarehe 7 Septemba 2017, katika mbio za Hispania, Froome alipimwa mkojo. Ilionekana dawa iitwayo salbutamoli. Ndugu zangu, dawa hii mnaijua. Ni ile wanayopewa wenye pumu katika zahanati zetu, ya kufungua kifua kilichobana. Froome alikuwa na pumu, na sheria ilimruhusu kuivuta kwa kiasi. Ila mkojoni haikutakiwa kuzidi nanogramu 1000 kwa kila mililita. Nanogramu ni kitu kidogo mno: ukigawa gramu moja mafungu bilioni moja, kila fungu ni nanogramu moja. Katika mkojo wa Froome zilionekana 2000, yaani mara mbili ya kiasi kilichowekwa.

Kwa sheria za mchezo, jambo kama hilo lilichunguzwa kwa siri kwanza, na mwanamichezo aliruhusiwa kuendelea kushindana. Lakini tarehe 13 Desemba 2017 magazeti mawili, Guardian la Uingereza na Le Monde la Ufaransa, yalitangaza habari hiyo. Hapa tusome kwa makini. Magazeti yalisema kwamba kipimo kimezidi, na hilo lilikuwa kweli. Wasomaji wengi lakini walisoma jambo jingine: walisoma kwamba mtu amekamatwa kwa kosa na hatia yake imekwisha kuthibitika. Maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Uchunguzi ulichukua miezi mingi. Wataalamu waliangalia mambo ambayo kichwa cha habari hakiwezi kuyabeba. Mtu aliyepungukiwa maji mwilini, kama mwendesha baiskeli aliyetoka jasho mchana kutwa, mkojo wake huwa mzito, na dawa iliyomo huonekana nyingi zaidi. Kadhalika Froome alikuwa mgonjwa siku zile na kiasi cha dawa aliyovuta kilikuwa kimeongezwa. Tena mwili wa mtu yule yule hautoi dawa kwa kiasi kile kile kila siku. WADA likakubali kwamba kipimo kile hakikuthibitisha kuwa alivunja sheria. Tarehe 2 Julai 2018 chama cha dunia cha mbio za baiskeli kikafunga shauri bila adhabu.

Je, maneno yalikwisha? La. Siku chache baadaye Tour de France ilianza, na watazamaji walimzomea. Kwenye mlima wa Alpe d'Huez mmoja alimpiga kwa mkono akipita. Uamuzi ulitolewa siku moja, lakini tuhuma ilikuwa imekaa masikioni mwa watu zaidi ya miezi 6.

Msidhani nasema hivi ili tuwatetee watu waliozaliwa kwetu. Rita Jeptoo wa Kenya, aliyeshinda mbio ndefu za Boston na Chicago, alionekana na EPO katika kipimo cha mwaka 2014. Kipimo cha pili kikathibitisha cha kwanza, shauri likasikilizwa, naye akafungiwa. Hapo haikuwa tuhuma tena, ilikuwa hukumu. Aliyehukumiwa kwa ushahidi tuseme amehukumiwa, awe wa Nairobi au wa Texas.

Basi ukisoma habari ya namna hii, jiulize maswali matatu, uyaandike katika daftari lako.

La kwanza: Nani anasema, naye amejuaje? Aliyeona kwa macho, aliyeshika karatasi ya kipimo, na aliyesikia sokoni, hawa si sawasawa.

La pili: Ni jambo gani hasa lililoonekana? "Kipimo kimezidi" ni jambo lililoonekana. "Ni mwizi wa ushindi" ni maoni.

La tatu: Shauri limefika wapi? Tuhuma ni neno la kumshuku mtu. Ushahidi ni jambo linaloonyesha kweli. Hukumu ni uamuzi wa wenye haki ya kuamua, baada ya pande zote mbili kusikilizwa. Gazeti likisema "anatuhumiwa", nawe usimsomee jirani yako "amehukumiwa".

Huenda mtu akauliza, "Mambo ya baiskeli za Ulaya yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu sana. Katika sehemu hizi zetu tunajua uzito wa tuhuma. Wazee wetu, hasa akina mama, wamepata kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi ulikuwa kwamba macho yao ni mekundu. Macho yale yaliwekundika kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, waliyopikia miaka na miaka. Hapakuwa na kipimo wala shauri. Palikuwa na neno tu, lililotoka kinywa hiki likaingia sikio lile. Froome alikuwa na wataalamu, na mawakili, na fedha za kujitetea. Bibi kizee wa kijijini hana. Kinga yake ni jirani anayeuliza maswali yale matatu kabla ya kulipitisha neno.

Wala tusiseme kwamba kuuliza ni kosa. Kama David Walsh asingeuliza, huenda tungekuwa bado tunamshangilia Armstrong. Aulizaye na ajibiwe kwa ushahidi. Naye asiyejua bado, na anyamaze mpaka ajue. Kujua kusoma si kutamka herufi tu. Ni kujua neno lililoandikwa limesema nini, na halikusema nini.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukueni gazeti lolote mlilo nalo, hata la zamani. Tafuteni habari moja ya mtu anayetuhumiwa. Pigeni mstari chini ya maneno yanayoeleza jambo lililoonekana, kisha mzungushe duara maneno ambayo ni maoni ya mtu. Mtakapokutana darasani, kila mmoja awaeleze wenzake kama habari yake imefika kwenye tuhuma, kwenye ushahidi, au kwenye hukumu.