Uzito wa Kuzaliwa na Moyo wa Utu Uzima

Mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire nchini Uingereza, msimamizi wa wakunga aitwaye Ethel Margaret Burnside aliweka utaratibu mpya: kila mtoto apimwe uzito anapozaliwa, na muuguzi aendelee kumtembelea nyumbani hadi afikishe mwaka mmoja, apimwe tena. Daftarini waliandika pia kama mtoto alinyonya ziwa la mama au chupa. Shabaha ilikuwa kuboresha afya ya watoto, basi.

Miongo mingi baadaye, Profesa David Barker wa Southampton na wenzake waliyachukua madaftari hayo wakafuatilia majina. Mwaka 1989 walitoa matokeo ya wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930. Waliokuwa na kilo 8.2 au pungufu walipotimiza mwaka mmoja walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale waliofikisha kilo 12.2 au zaidi. Madaktari wengi walipinga, kwani walizoea kulaumu sigara na mafuta tu.

Maelezo ya jinsi udogo wa mtoto, ambao mara nyingi huanzia tumboni, unavyofika kwenye moyo yamo ndani ya mwili. Mtoto aliye tumboni akikosa chakula na oksijeni ya kutosha kupitia kondo, damu huelekezwa kwanza kwenye ubongo. Viungo vingine hupunguziwa, na figo ni miongoni mwa vinavyoumia. Figo husafisha damu kwa vichujio vidogo sana, kwa wastani kama milioni moja kwa kila figo. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, vyote vimeshatengenezwa karibu na wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo hakiongezeki hata kimoja. Aliyezaliwa na vichache atavitumia hivyo hivyo akiwa na kilo 80, kila kimoja kikibeba mzigo wa ziada, na presha hupanda taratibu bila yeye kuhisi lolote. Ateri nazo hupata sehemu kubwa ya elastini, protini inayoziwezesha kutanuka na kurudi, mwishoni mwa mimba na miezi ya mwanzo ya maisha. Ikipungua, ateri hukakamaa mapema na moyo husukuma kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo, mzani hauoni kila kitu. Wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945, wako wanawake waliokumbwa na njaa mimba zikiwa changa, kisha wakapata chakula. Watoto wao walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini walipokaribia miaka 50 walionekana kuugua zaidi mishipa ya moyo.

Sisemi kwamba aliyezaliwa mdogo amehukumiwa. Sehemu ya uhusiano huu inatokana na urithi: vinasaba vya presha vya mama vinaweza pia kupunguza uzito wa mtoto. Na sigara, chumvi nyingi na kitambi bado vina uzito mkubwa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo na kumnyima mtoto chakula, hata mama asipokuwa na homa. Ndiyo maana ninasisitiza chandarua, dozi za SP za kuzuia malaria kliniki na vidonge vya kuongeza damu: vinalinda mimba ya leo na pengine ateri za mwaka 2070. Mtoto aliyezaliwa mdogo anahitaji kunyonyeshwa vizuri akue. Hatari huongezeka pale anayebaki mwembamba hadi miaka miwili anaponenepa haraka baadaye, kwa soda na vitu vya kukaanga.

Uzito wa kuzaliwa umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, ambayo familia nyingi huitupa mtoto akianza shule. Itunzeni. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 amweleze daktari wake akiwa mtu mzima, na aanze kupimwa presha angali kijana, badala ya kungoja miaka 40.