Farasi wa misuli na farasi mwembamba: tofauti yatoka wapi?

Msomaji, iwapo umewahi kuwapeleka watoto kutazama mbio za farasi katika uwanja wa Ngong, Nairobi, huenda uliona jambo hili kabla ya mbio kuanza. Farasi wakizungushwa mbele ya watu, mmoja ana mapaja manene na kifua kipana kama mnyanyua vyuma. Mwenzake ni mrefu, mwembamba, mbavu karibu zihesabike. Ilhali wote ni wa aina moja, Thoroughbred, na hakuna aliyenyimwa chakula.

Siri imo katika jeni, yaani chembe za urithi ambazo kila kiumbe hupokea kutoka kwa baba na mama. Jeni moja, iitwayo mayostatini, kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi, mithili ya breki ya gari. Mwaka wa 2010 wataalamu nchini Ireland, wakiongozwa na Emmeline Hill wa University College Dublin, walieleza kwamba jeni hiyo ina sura mbili, wakaziita C na T. Farasi aliyepokea C kwa wazazi wote wawili breki yake ni legevu. Hujaa misuli mapema na kutamba katika mbio fupi, mathalani za mita 1,000 au 1,200. Mwenye T mbili hukawia kukomaa, na umahiri wake huonekana mbio zinapopita mita 2,000. Mwenye C moja na T moja yuko katikati. Basi fikiria mnyama wa T mbili akichapwa viboko kila wiki katika mbio fupi, mwenyewe akidhani ni mvivu!

Na kimo je? Farasi wa Shire, mvuta mikokoteni wa Uingereza, hufikia uzito wa tani moja, hali Shetland hapaswi kupita sentimita 107 begani. Utafiti wa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba sehemu nne tu za urithi hueleza zaidi ya asilimia 80 ya tofauti za ukubwa baina ya aina za farasi. Kwetu binadamu, kimo hutegemea maelfu. Sababu ni kwamba sisi hatuchaguliwi wachumba na mfugaji anayetaka ukubwa fulani tu.

Uchaguzi huo una gharama yake. Watoto huwapenda sana wale farasi wadogo kabisa, nami siwalaumu. Lakini baadhi yao hubeba hitilafu katika jeni iitwayo agrekani, inayohusika na ujenzi wa gegedu. Mbebaji mwenyewe huonekana mzima. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata hitilafu hiyo pande zote mbili. Baadhi ya vitoto hivyo hufia tumboni, vingine huzaliwa na miguu iliyopinda na taya zisizokutana. Siku hizi mfugaji anaweza kung'oa nywele chache za farasi wake na kuzipeleka maabara kabla ya kumpandisha.