Kuhama jimbo Marekani: hama kwanza, hisa uza baadaye

Texas imekuwa ikivuta watu kutoka majimbo yenye kodi kubwa, na Waswahili walioko Minnesota nao wamo katika msafara huo wa kuelekea Dallas na Houston. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Texas haitozi kodi ya mapato. Ni kweli, na mwaka 2019 wapiga kura wa huko waliingiza marufuku ya kodi hiyo katika katiba ya jimbo. Lakini mwekezaji mdogo anayefunga mizigo kwa sababu hiyo pekee amefanya nusu ya hesabu.

Tuchukue mfano wa mke na mume walioko Minneapolis, ambao kwa pamoja wanapata mshahara wa dola 110,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka 2025, jimbo la Minnesota linawatoza dola 4,700 na ushei. Wakihamia Texas fedha hizo zinabaki mfukoni. Kodi ya serikali kuu ya Marekani haibadiliki, kwani hiyo humfuata mtu popote aendako.

Sasa wananunua nyumba ya dola 350,000 katika kitongoji cha Dallas. Texas hukusanya kwa nyumba kile isichokusanya kwa mishahara. Kodi za shule, wilaya na mji zikijumlishwa, kiwango cha karibu asilimia 2 ya thamani ya nyumba si cha ajabu. Mwenye nyumba anayeishi humo mwenyewe hupunguziwa: tangu mwaka 2025 dola 140,000 za thamani ya nyumba hazihesabiwi katika kodi ya shule. Tukichukulia kuwa nusu ya kodi hiyo ni ya shule, watalipa dola 5,600. Nyumba ya bei hiyohiyo Minnesota, kwa kiwango cha asilimia 1, ingelipiwa dola 3,500. Nafuu ya dola 4,700 imeshuka hadi 2,600, kabla ya bima, ambayo katika nchi ya vimbunga na mvua ya mawe si ya kupuuzwa. Anayenunua nyumba ya kupangisha hapati punguzo hilo. Tena gharama za kuhamisha mizigo hazikatwi tena katika kodi ya serikali kuu. Nafuu hiyo iliondolewa kuanzia mwaka 2018, na sheria ya mwaka 2025 ikaizika moja kwa moja, isipokuwa kwa makundi machache kama wanajeshi.

Kwa hiyo faida ya kila mwaka ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosimuliwa kwenye harusi na vikao vya michango. Fedha zinazopotea kwa uzembe ziko upande wa hisa.

Watu hawa wana hisa walizonunua zamani, na wakiziuza watapata faida ya dola 60,000. Wakiziuza Machi wakiwa bado Minnesota ili wapate malipo ya awali ya nyumba, jimbo litachukua asilimia 6.8, yaani dola 4,080. Wakihama Juni na kuuza Agosti, jimbo halipati kitu, kwa sababu faida ya hisa hutozwa na jimbo ambalo muuzaji ni mkazi wake siku ya kuuza. Tofauti hiyo ya miezi mitano inazidi nafuu yao ya mwaka mzima. Bila shaka bei inaweza kuanguka wakati wa kusubiri, na hisa inayoyumba haifai kushikiliwa kwa ajili ya kodi tu. Lakini ikiwa uamuzi wa kuuza umekwishafanyika, tarehe ni sehemu ya bei.

Nyumba na ardhi hazifuati utaratibu huo. Anayeacha nyumba ya kupangisha Minnesota ataendelea kulipa kodi ya Minnesota kwa pango lake, na kwa faida siku akiiuza. Malipo ya uzeeni yana kinga: sheria ya serikali kuu ya mwaka 1996 inakataza jimbo la zamani kuyatoza kwa mtu aliyekwisha kuhama.

Kuhama kwenyewe lazima kuwe kwa kweli. Maafisa wa kodi hutazama maskani: familia inalala wapi, watoto wanasoma wapi, leseni ya udereva ni ya jimbo gani, kura imeandikishwa wapi. Baba anayetangulia Houston huku mama na watoto wakibaki Minneapolis kumaliza mwaka wa shule, kisha akauza hisa katikati, amejitafutia maswali. Anayebakiza makazi Minnesota na kukaa huko zaidi ya nusu ya mwaka anaweza kuhesabiwa mkazi hata akiwa na anwani ya Texas.

Ndiyo maana makaratasi ya wiki za kwanza yana thamani. Texas inampa mgeni siku 30 kusajili gari na siku 90 kuchukua leseni ya jimbo. Wasio raia, wakiwamo wenye kadi ya kijani, wanatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10.