Risasi katika Maabara ya Dhahabu: Utekelezaji wa Mfumo wa Usimamizi wa Mazingira katika Ukanda wa Bulyanhulu

Mgodi wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mijadala ya mazingira katika ukanda huo na ule wa Geita hujikita zaidi katika sianidi, mabwawa ya mabaki na zebaki ya wachimbaji wadogo. Maabara za kupima madini hutajwa kwa nadra. Makala haya yanafafanua kwa nini mfumo wa usimamizi wa mazingira katika maabara ya aina hiyo hauna budi kuanza na risasi.

Njia iliyozoeleka ya kupima dhahabu iliyomo katika mwamba ni ya moto. Sampuli iliyosagwa, kwa kawaida gramu 30 au 50, huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi soda, boraksi na unga kidogo wa ngano (ule ule wa jikoni), kisha huyeyushwa tanurini. Kaboni ya unga hugeuza sehemu ya oksidi kuwa risasi, nayo huzama chini ikibeba dhahabu. Donge hilo la risasi huwekwa katika kikombe cha majivu ya mifupa au cha magnesia na kupashwa moto tena. Risasi karibu yote hunyonywa na kikombe, kiasi kidogo hupaa kama moshi, na punje ya dhahabu na fedha hubaki. Donge likiwa la gramu 30, maabara inayopima sampuli 200 kwa siku huacha takriban kilo 6 za risasi ndani ya vikombe vyake.

Kiwango cha ISO 14001, kilichotolewa mwaka 1996 na kuhuishwa mwaka 2004 na 2015, huitaka taasisi itambue kwanza vipengele vya shughuli zake vinavyogusa mazingira. Hapo ndipo penye mtego. Maabara ikinakili orodha ya mgodi, sianidi hutangulia na kikombe husahauliwa. Kiwango cha ISO/IEC 17025 nacho hakizibi pengo hilo, kwani shabaha yake ni umahiri wa maabara na uhalali wa majibu. Punje ikishapimwa uzito, kazi ya kikombe imekwisha.

Kipimo chenye manufaa zaidi ni hesabu rahisi ya stoo: risasi iliyomo katika oksidi iliyotumika hulinganishwa na ile iliyomo katika vikombe, mavi ya tanuri na vumbi la vichujio vilivyohifadhiwa. Tofauti isiyoelezeka huashiria risasi iliyotoka nje, au kosa la kumbukumbu. Yote mawili yanahitaji uchunguzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huweka masharti kuhusu taka hatarishi, lakini shehena isiyohesabiwa haiwezi kufuatiliwa na mkaguzi yeyote.

Njia nyingine ya kutoka ni mavazi ya kazi. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kilicho salama kwa mtoto. Kwa hiyo sare za wahudumu wa tanuri hufuliwa maabara, haziendi nyumbani.