Je, Wajua? Bahari Humbeba Mwogeleaji

Je, wajua ya kuwa mtu aingiaye baharini pale Raskazone, Tanga, maji yakamfika shingoni, hupunguziwa takriban sehemu 9 katika 10 za uzito wake, kwa sababu maji humsukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji aliyoyahamisha? Na kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, ilhali ya maji baridi ni gramu 1,000, bahari humbeba mtu kuliko Mto Pangani. Ndiyo maana wenye maradhi ya viungo huweza kufanya mazoezi majini pasipo magoti kuelemewa, hali moyo na mapafu yao yafanya kazi barabara. Aidha, uso uzamapo na pumzi ikazuiwa, mapigo ya moyo hupungua ili oksijeni itumike kwa iktisadi. Lakini tahadhari, ewe mzamiaji: kuhema kwa haraka mfululizo kabla ya kuzama huondoa kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo imhimizayo mtu kuvuta pumzi, naye aweza kuzimia chini pasipo kuhisi dalili yoyote, basi usihemeheme, wala usizame peke yako.