Bunduki ya Kulinda Nyumba

Mtu akaaye Kibugu, juu ya mji wa Embu, ambako mashamba ya kahawa na chai yapanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, si ajabu akifikiri kununua bunduki. Wezi huwinda kahawa wakati wa mavuno, tena nyumba iliyo mbali na barabara yenye matope haifikiwi upesi na askari usiku. Silaha itajwayo kwanza huwa ni bunduki ya marisau, na watu huuliza: iliyo na nguvu zaidi ni ipi? Kwa maoni yetu liko swali litangulialo hilo. Je, bunduki hiyo ikiibwa, itakuwa mikononi mwa nani?

Wazee wa Embu walijifunza jambo hili kwa taabu. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, walinzi wa nyumbani walianza kazi yao kwa mikuki na panga, na watu wakawaita kamatimu, jina litokanalo na mkuki. Baadaye baadhi yao walipewa bunduki za marisau. Wapiganaji wa msituni nao walikuwa wakijitengenezea silaha kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira, nazo ziliweza kumpasukia mwenyewe usoni. Kwa watu wenye dhiki hiyo, bunduki moja nzima ndani ya kituo ilikuwa sababu tosha ya kukivamia. Basi kile kilicholetwa kuwafukuza maadui kikawa ndicho kiwaitacho. Na thamani ya silaha siku zile ilipimwa kwa roho za watu: Dedan Kimathi, aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alihukumiwa kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi zake, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Mafundi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuitambua hatari hiyo. Kampuni ya W. W. Greener ya Birmingham, Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilitengeneza bunduki ya walinzi wa Misri, ipigayo risasi moja moja. Iliundwa isikubali risasi za kawaida za dukani, ili mwizi aipatapo asiwe na cha kuitilia. Bunduki ziuzwazo kwa raia leo hazina kinga hiyo. Kinga ni mwenyewe na kufuli lake.

Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu raia kuwa na bunduki bila cheti, naye aombaye cheti huchunguzwa kwanza. Hata akiisha kupewa, si chake milele: mwezi wa Desemba 2018 Serikali ilifuta vyeti vyote, ikawataka wenye silaha wachunguzwe upya.

Sasa tuitazame bunduki yenyewe. Upana wa kasiba huitwa kwa namba. Namba 12 yatokana na hesabu ya kizamani, kwamba ratili moja ya madini ya risasi yatoa goroli 12 zienezo tundu la kasiba hiyo. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba zaidi, na kwa kawaida bunduki yake ni nyepesi na haipigi bega sana. Ziko bunduki za kasiba moja, za kasiba mbili, za kuvuta kwa mkono, na zijijazazo zenyewe. Sisi twapendelea ile ya kasiba mbili ikunjwayo katikati. Ina risasi mbili tu, kweli, lakini ikiwa wazi kila mtu aona kama imejazwa au la. Tena ina vyuma vichache vya kushika kutu katika ukungu wa mlimani. Ile ya kuvuta kwa mkono hubeba risasi nyingi, ila mtu aliyeshikwa na hofu gizani aweza kuivuta nusu, ikakwama.

Wengi wadhani marisau hutawanyika chumba kizima, hata kulenga hakuna haja. Si kweli. Kwa hatua tano au sita hutoka yakiwa yameshikamana karibu kama ngumi, na asiyelenga hukosa. Marisau makubwa hupenya ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta huo mara nyingi wamelala watoto. Marisau madogo huishiwa nguvu mapema zaidi, ingawa kwa karibu huua vile vile. Na mtu ampigaye risasi mwizi akimbiaye na gunia mgongoni atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza mahakamani, kwa maana nguvu itumikayo kujitetea yapasa ilingane na hatari iliyopo.

(Kwa habari ya ndovu watokao msituni, bunduki hii isifikiriwe kabisa. Marisau humkasirisha tu, na shauri lake ni la Idara ya Wanyamapori.)

Mbwa mkali, taa nje ya mlango na majirani waitikao nduru havihitaji cheti, na vyafaa vitangulie. Aliye navyo, na bado ataka bunduki, aandae kwanza kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Bunduki ikae humo tupu, risasi zikae penginepo chini ya kufuli jingine, na funguo zote mbili ziwe kwa mwenye cheti, wala si juu ya dirisha la jikoni ambako nyumba nzima yajua.