Kidonda cha Misimu Miwili ya Kahawa

Mtu wa Mpepai, wilayani Mbinga, akiota kitu kwenye ngozi, wa kwanza kukiona nje ya familia yake mara nyingi ni muuzaji wa duka la dawa muhimu. Daktari huja baadaye sana, na wakati mwingine hafikiwi kabisa. Mkoa wa Ruvuma ndiko maduka hayo yalikoanzia: mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza huku kuyasajili na kuwafunza wauzaji wake, kabla mpango huo haujaenea nchi nzima. Kwa hiyo vijiji vya Mbinga vimekaa zaidi ya miaka 20 na watu waliopata mafunzo ya kuuza dawa. Hiyo ni hazina. Lakini ngozi ina mtego wake, maana magonjwa yake mengi, yakitazamwa harakaharaka juu ya kaunta, hufanana.

Chukua choa. Dawa inayopendwa ni ile ya kupaka yenye mchanganyiko, ambayo ndani ya tyubu moja ina dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Steroidi huzima mwasho ndani ya siku chache, mteja akafurahi, huku fangasi wakiendelea kutambaa. Lile duara la choa linapoteza umbo lake, na mtaalamu atakayelitazama baada ya miezi miwili hatalitambua kwa urahisi. Ukoma nao hujificha hivyohivyo. Baka lililopauka, lisilowasha wala kuuma, hupakwa dawa ya mba mwaka mzima, ilhali kuligusa kwa pamba huku mgonjwa amefumba macho ni kazi ya dakika moja. Asiposikia mguso, aende kituo cha afya. Dawa za ukoma hutolewa bure, miezi 6 kwa mwenye mabaka machache na miezi 12 kwa mwenye mengi.

Choa ikicheleweshwa inasumbua. Kidonda kinachogeuka saratani kikicheleweshwa kinaua.

Huku Umatengo, milimani Mbinga, mtu huandaa ngoro, yaani mashimo ya kulimia, kwenye mteremko, jembe likamchubua muundi, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Vidonda vingi vya namna hiyo hupona. Kimoja hakiponi, kinakuwa kidonda ndugu: kinafungwa asubuhi, kinaoshwa kwa maji ya chumvi, kinanyunyiziwa unga wa vidonge na majani ya kusaga, kinakauka kiangazi na kufumuka masika. Siku mgonjwa anapokaa mbele ya muuguzi, mazungumzo huwa mafupi. “Kina muda gani hiki, baba?” “Tangu mavuno ya kahawa ya mwaka juzi, mwanangu.” Jibu hilo peke yake linatosha kumfanya muuguzi aweke bendeji kando na kumwita daktari.

Mwaka 1828 daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vinavyoota juu ya makovu, na hadi leo saratani inayozaliwa kwenye kovu la moto au kidonda sugu hubeba jina lake. Mara nyingi inachukua miaka mingi, hata 30, tangu mtu aungue hadi kovu lianze kuchimbika. Ndiyo maana wengi hawaoni uhusiano: moto ulikuwa wa utotoni, kidonda ni cha leo. Dalili zake zinaonekana kwa macho. Kingo zinavimba, zinakuwa ngumu na kujikunja kwa nje, nyama inaota katikati na kuvuja damu ikiguswa, harufu inabadilika, mitoki ya kinena au ya kwapa inatuna.

Kusini mwa Tanzania hadithi ya makovu ya moto ina sura nyingine inayostahili kusimuliwa. Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye ugonjwa wa usubi, ule unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Minyoo yake husababisha mwasho usiokoma, ngozi ikawa ngumu na kukunjamana, na kwenye miundi ikapata madoa meupe. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, na watafiti waliofuata wameuhusisha usubi na kifafa cha watoto katika maeneo ya namna hiyo. Jikoni kwa mafiga, mwenye kifafa akianguka huangukia motoni. Anapona na kovu kubwa la mguu au mkono, na kovu hilo linahitaji kutazamwa maisha yake yote. Dawa ya ivermectin inayogawiwa vijijini kila mwaka, iliyowapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015, kwa njia hiyo ndefu inaweza kuwa pia kinga ya saratani ya ngozi. Mtu anayekataa kuimeza kwa sababu ilimtia mwasho mwaka jana aelezwe kwamba mara nyingi mwasho huo ni ishara ya minyoo michanga kufa.

Jicho, hata la bingwa, haliamui peke yake. Lazima kinyama kichukuliwe, na watu wengi huogopa hilo kuliko ugonjwa wenyewe, kwa kuwa inasemekana saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Si kweli, na woga huo umewagharimu wengi miguu yao. Kazi yenyewe ni ndogo. Pembeni ya kidonda inachomwa sindano ya ganzi, na hapo ndipo maumivu yalipo, kwa sekunde chache. Kisha daktari anakata kipande kidogo kwa kisu, au anazungusha kifaa chenye mdomo wa duara, mara nyingi wa milimita 4, na kutoa kinyama kinachoweza kukaa juu ya ukucha. Anachukua ukingoni, panapokutana ngozi nzima na kidonda, kwa kuwa katikati mara nyingi pana nyama iliyokwisha kufa isiyosema lolote. Kinyama kinatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini, na lebo huandikwa kwa penseli, maana wino ukilowa unafutika na sampuli ikakosa mwenyewe. Maabara inakikata vipande vyembamba mno, inavitia rangi ya zambarau na waridi, na mtaalamu wa patholojia anasoma kwa hadubini kama seli zimevuka mpaka wao.

Udhaifu uko kwenye safari ya hicho kichupa. Mbinga iko karibu kilomita 100 kutoka Songea, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, na wataalamu wa patholojia wengi wako kwenye hospitali kubwa za kanda na Dar es Salaam. Majibu yakikaa wiki kadhaa, mgonjwa amerudi shambani, simu imebadilishwa namba, na karatasi inabaki kwenye faili. Hapa ndipo pa kuwekea nguvu kuliko kwenye mashine yoyote mpya: mtu mmoja wa hospitali ambaye kazi yake ni kufuatilia majibu na kumtafuta mwenye nayo hadi kijijini kwake.

Saratani ya seli bapa, ndiyo hii ya makovu na vidonda sugu, ikithibitishwa mapema, tiba yake inaeleweka hata katika hospitali ya wilaya yenye daktari mpasuaji. Inakatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima pande zote na chini, kisha pengo linazibwa kwa kupandikiza ngozi nyembamba iliyochukuliwa pajani. Ikifika mfupani, mara nyingi inabidi mguu ukatwe. Mionzi huhitajika pale isipoweza kukatwa yote, na kwa mtu wa Ruvuma hilo kwa muda mrefu limemaanisha safari ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye jengo la hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka 1897.

Ocean Road ndiko walikotoka madaktari waliofungua macho ya wengi kuhusu watu wenye ualbino. Mwaka 1985 Jeff Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Kufikia mwaka wa kwanza wa maisha wote walikuwa na ngozi iliyokwisha kuathiriwa na jua, na hakuna aliyezidi miaka 20 ambaye hakuwa na saratani au dalili zinazoitangulia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino nchini. Kwa watoto wenye ualbino waliozaliwa Umatengo hatari inaongezeka, kwa kuwa milima hii mahali pengi inazidi mita 1,500, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya urujuani kwa takriban asilimia 10. Baridi ya Mbinga humdanganya mzazi: mtoto hatoki jasho, kumbe masikio yanaungua.

Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya Profesa Henning Grossmann. Kiliwachukua matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za Afrika, kikawafunza ngozi kwa miaka miwili na kuwarudisha kwao, uamuzi wa busara katika bara ambalo mabingwa wa ngozi ni wachache mno. Hapohapo, mfamasia Mhispania Mafalda Soto alianzisha utengenezaji wa Kilisun, mafuta ya kujikinga na jua yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa kwenye kliniki za mikoani. Mafuta hayo yanahitaji wasaidizi: kofia yenye ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, na mwalimu anayekubali mwanafunzi asipange mstari juani saa sita mchana. Magamba makavu yanayokwaruza kwenye paji la uso na mgongo wa mkono hugandishwa kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kabla hayajawa saratani. Ni tiba ya sekunde chache, ikipatikana.

Wenye ngozi nyeusi nao hawana kinga kamili. Melanoma kwao hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, mahali ambapo jua halihusiki. Bob Marley alianza na doa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, likagunduliwa mwaka 1977. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi la unyayoni linalopanuka au kuchimbika lisichomwe wala kukwanguliwa nyumbani.

Na kuna saratani ya Kaposi, mabonge ya zambarau au meusi miguuni, na pengine kwenye kaakaa la mdomo. Afrika Mashariki iliifahamu kabla ya UKIMWI. Kampala ilifanya mkutano wa kimataifa juu yake mwaka 1961. Leo anayeonekana nayo hupimwa VVU, na akikutwa navyo huanzishiwa dawa za kufubaza, ambazo pengine peke yake hupunguza mabonge. Kwa iliyoenea hutumika dripu za dawa za saratani. Mwaka 2020 utafiti uliohusisha Kenya na Uganda ulionyesha kuwa paclitaxel hufanya kazi vizuri kuliko dawa za zamani zilizolinganishwa nayo.

Lami kutoka Mbinga imekwisha kufika Mbamba Bay, na wa ufukweni mwa Nyasa hahitaji tena siku nzima kufika mjini. Kilichobaki ni macho ya mwanzo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, na muuzaji wa duka la dawa, wanaweza kukagua kwa mwanga wa dirishani: nyayo na kucha, kovu la zamani, masikio na mdomo wa chini wa mwenye ualbino, mitoki. Kidonda kilichopita mwezi bila kupungua kisiuziwe tyubu nyingine. Kiandikiwe barua ya rufaa siku hiyohiyo, na ndani yake iwemo tarehe kilipoanza.